Namba Tisa Mwisho wa Orodha

Nilitoka Lodwar Jumanne alfajiri, juu ya lori lililokuwa limeleta mahindi na sasa linarudi Kitale na magunia matupu. Nililala juu ya magunia hayo hadi Kapenguria, vumbi likinijaa masikioni. Kitale nililala kwa rafiki niliyewahi kufanya naye kazi katika saiba, duka la intaneti, zamani, mji ule ulipokuwa bado unanifurahisha. Usiku wa pili ulikuwa wa basi hadi Nairobi. Alhamisi nzima nilizunguka Nairobi nikiwa na mfuko wangu mmoja mgongoni, nikitazama barabara nilizowahi kuishi kando yake na kukuta majengo nisiyoyajua. Ijumaa nikapanda treni, nikashuka Voi.

Sikuwa na mtu yeyote Voi. Nilikuwa nimeuona mji huo mara moja tu nikiwa kijana, kupitia dirishani, nikielekea Mombasa, na nikajiambia siku moja nitashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu yote. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, cheti cha kidato cha nne, na ujuzi wa kompyuta ambao sikufundishwa darasani. Kazi ya Lodwar haikuwa imeisha. Niliiacha ikiwa imebaki miezi miwili, kwa sababu nilianza kuota miji mingine, na nikishaanza kuota siwezi tena kukaa.

Voi nilipata nafasi katika duka la kutoa kopi na kuchapisha kadi za harusi, mali ya mtu kutoka bara aliyekuwa na imani kubwa na watu wasio na familia. Nilikaa hapo wiki saba. Wiki ya tano nilishaanza kuikumbuka Lodwar, joto lake na ukimya wake, mahali ambapo nilikuwa nikiikumbuka Kitale.

Basi siku moja akaingia mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, akauliza kama kuna fundi anayejua mashine isiyo na picha. Wenzangu wakacheka. Mzee akaeleza kwa utaratibu kwamba yeye ni mwenyekiti wa mfereji huko Mahoo, upande wa Taveta, na kwamba ofisi yao ina kompyuta ambayo haina panya wala picha, ni weusi mtupu na maandishi, na sasa maandishi hayo yameharibika. Mafundi wawili wa Taveta walikuwa wameitazama na kusema itupwe.

Nilijua anachosema. Ile saiba ya Kitale ilikuwa na mashine chakavu za aina hiyo, na tulizifufua kwa programu ya maandishi ya kupangia faili. Sikuwa nimeigusa kwa miaka kumi na miwili. Nilimwambia nitakuja kwa siku mbili. Keshoye tukaondoka pamoja, tukapita Mwatate na Bura na Maktau, mzee amelala muda wote, mimi nikitazama pori na kujisikia mzima tena kwa sababu gari linakwenda.

Ofisi ya mfereji ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umeacha kompyuta hapo miaka mingi nyuma. Ilipozeeka ikashindwa kubeba picha, mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kazi akaiondolea kila kitu na kuacha programu hiyo moja. Inapowaka, skrini inagawanyika kati, vidirisha viwili bega kwa bega, kila kimoja na orodha yake ya faili. Unapanda na kushuka kwa mishale. Ukitaka faili ihame kutoka kushoto kwenda kulia unabonyeza F6, basi.

Walikuwa wanachama thelathini. Kila mmoja alikuwa na faili yake, namba mbele na jina nyuma, na ndani yake ukubwa wa shamba na anachopanda. Folda ya kushoto iliitwa zinazongoja. Folda ya kulia iliitwa zilizokunywa. Kila asubuhi karani, mwanamke wa pale pale Mahoo, alifungua folda ya kushoto, akachukua majina mawili ya juu, akayaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: huyu kutoka alfajiri hadi saa sita, huyu kutoka saa sita hadi jioni. Mlinzi wa mfereji alifungua maji kwa kufuata ubao. Jioni karani alihamisha faili hizo mbili kwenda kulia, kwa waliokunywa. Jumapili mfereji ulikuwa wa ng'ombe na nguo. Wote thelathini wakishakunywa, faili zinarudishwa kushoto na mzunguko unaanza upya. Anayefungua maji nje ya ubao analipa mbuzi. Nilipenda jambo hilo mara moja. Nimeona ofisi nyingi zenye mashine za bei kubwa ambazo hazikufanya kazi ya maana kama ile.

Lakini sasa mistari iliyopaswa kuchora kuta za vidirisha ilikuwa imegeuka herufi, q nyingi zimepangwa juu, x zikishuka pembeni. F6 haikuhamisha kitu, iliandika tu alama ya wimbi chini ya skrini. Karani, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika mbele sana na miguu imevimba, alikuwa akihamisha faili kwa kuandika amri nzima nzima, herufi moja baada ya nyingine, kutoka kwenye karatasi aliyoachiwa na yule mwanafunzi.

Tatizo la kwanza nililijua: kompyuta ilikuwa imeambiwa inaongea na skrini ya aina nyingine, nadhani na mmoja wa wale mafundi wawili. Nilirekebisha mstari mmoja, q na x zikapotea, mistari ikarudi. F6 ikabaki imekufa. Nikafungua faili ya mipangilio ya programu, nikakuta mistari zaidi ya mia, mingi yake haikunihusu. Nilisoma kama ishirini. Nje kulikuwa na harufu ya ndizi na udongo uliolowa, na miguu yangu ilikuwa inataka kutembea. Basi nikafanya kile ninachofanya siku zote. Badala ya kutafuta mstari mmoja mbovu nikafuta mipangilio yote, bila kuweka nakala, nikaiwasha programu upya. Ikaamka kama imezaliwa siku hiyo. F6 ikahamisha faili mara moja. Karani akapiga makofi kimya kimya kwa vidole, mwenyekiti akaagiza soda.

Siku mbili zangu zilikuwa zimeisha, lakini mzunguko ulikuwa unamalizika Jumamosi hiyo, na karani alitakiwa kwenda kujifungua. Mwenyekiti akaniomba nikae mzunguko mmoja tu, hadi dada yake karani afike kutoka Wundanyi. Karani akanionyesha kazi kwa dakika tano. Soma kutoka juu, andika ubaoni, jioni peleka kulia. Mwenyekiti aliongeza la kwake: kila mtu atakuja na hadithi, usisikilize mtu, soma orodha.

Nilipangiwa chumba kwa mama mmoja, mjane wa Kikamba aliyeolewa Mahoo ujana wake. Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, mahindi yaliyopita kichwa changu, ndiyo kwanza yanaanza kutoa mbelewele, maua ya kileleni. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamtajia miji sita. Akasema, "Kwa hiyo hujatoka popote."

Jumatatu nilianza. Jina la kwanza lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe, na alasiri ikawa ya mtu wa pili kwenye skrini. Kabla ya saa tatu mwanamume mmoja akaja akasema yeye ndiye humfuata mwenyekiti. Nikamwambia orodha inasema vingine. Jumanne wakaja wawili. Wote walisema hivyo hivyo, mimi humfuata fulani. Hakuna aliyetaja namba. Huko Mahoo mtu hajui yeye ni wa ngapi, anajua tu mgongo wa nani uko mbele yake, na namba zilikuwa jambo la karani. Mimi nilizichukulia kuwa namba za uanachama, za siku walipojiandikisha. Nilikuwa nimeonywa juu ya hadithi, kwa hiyo niliwasikiliza kwa uso wa mtu aliyeonywa.

Aliyekuwa mkali zaidi alikuwa shemeji wa mama mwenye nyumba, mdogo wa marehemu mumewe. Kabla ya kompyuta kuja, yeye ndiye aliyeweka daftari la zamu. Alikuja kila asubuhi kusoma ubao kwa sauti, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani, kisha akauliza waliosimama kama wamesikia jina lolote la mtu mwenye akili. Kufikia Alhamisi alikuwa akisema mashine imelewa.

Ijumaa asubuhi mama mwenye nyumba alikuja ubaoni na jembe begani. Akasoma majina mawili niliyoandika. Akayasoma tena. Kisha akarudi nyumbani bila kuniambia neno, na jioni chakula changu kilikuwa mezani kama kawaida.

Jumamosi majani ya mahindi yake yalianza kujikunja. Jumapili nilisikia kwa wengine kwamba zamu yake ilikuwa imepita. Nilimkuta akiosha vyombo, nikamuuliza kwa nini hakulalamika kama wengine.

Akasema, "Nikilalamika mimi, nani atasema mashine ni nzuri?"

Ndipo akanieleza. Mumewe alipofariki, zamu yake katika daftari ilikatwa kwa kalamu na pembeni likaandikwa jina la mtoto wa shemeji. Hakuna aliyemwambia. Alijua siku alipofika mferejini na kukuta maji yamekwenda kwingine. Miaka miwili alimwagilia kwa mitungi, akichota wanakofulia nguo. Kisha mradi ulipoleta kompyuta, waliandika wenye zamu shamba kwa shamba, mbele ya watu, na yeye akasimama akasema jina lake. Tangu siku hiyo halikukatika tena. Shemeji alisubiri miaka yote hiyo mashine ikosee mara moja.

"Ukisema mashine imekosea, daftari linarudi," akasema. "Na kwenye daftari mimi simo."

Sikuweza kulala vizuri baada ya hapo, na kwa mtu wa aina yangu kukosa usingizi maana yake ni kuanza kufikiria magari ya asubuhi. Mfuko wangu ulikuwa umefungwa. Ulikuwa haujafunguliwa vizuri tangu nifike.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikatafuta kosa kila mahali lisipokuwapo. Nilitazama saa ya kompyuta, ilikuwa sawa. Nilitazama tarehe za faili, nikidhani labda zinapangwa kwa siku zilizoguswa mwisho. Nilipima diski. Simu ya karani ilikuwa imezimwa, alikuwa amejifungua. Jumanne mchana nikarudi nyumbani nimechoka, nikamkuta mama anachambua pojo kwenye ungo. Nikamwomba anitajie nani humfuata nani, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Akaanza na mwenyekiti na kuendelea bila kusita, vidole vyake vikitupa mawe, na kila jina aliliunga na lililotangulia: huyu humfuata yule, mama fulani humfuata huyo. Alipofika kwa wa nane akasema, "Mimi humfuata huyo." Kisha akaendelea hadi thelathini. Niliyaandika yote.

Nilirudi ofisini karibu kukimbia. Nikaweka karatasi kando ya skrini na mbele ya kila jina nikaandika namba ya faili yake. Kwenye karatasi zilishuka moja, mbili, tatu, nne, hadi thelathini, zimenyooka. Kwenye skrini, nilipozirudisha zote kushoto kwa dakika moja ili nizione pamoja, zilisimama hivi: 1, kisha 10, 11, hadi 19, kisha 2, kisha 20.

Programu ilikuwa inapanga kwa herufi. Katika mpangilio huo kompyuta haioni kumi, inaona moja na sifuri. Kila kinachoanza na moja kinakwenda pamoja, halafu kila kinachoanza na mbili, na tisa, ambayo haikuwa na mwenzake, ilitupwa mwisho kabisa, ya thelathini. Kwa utaratibu huo mama angepata maji Jumatano ya wiki ya tatu. Yule mwanafunzi wa chuo alikuwa ameiambia programu ihesabu kama watu wanavyohesabu. Mstari huo mmoja ulikuwa katika ile mia niliyoifuta.

Nilirudisha kulia faili za waliokwisha kunywa. Kutengeneza kulichukua muda mfupi kuliko kunywa soda. Kwenye menyu nilichagua mpangilio wa namba nikauhifadhi. Kisha, kwa kuwa sasa nilijua watu kama mimi hupita duniani, nikabadilisha na majina yenyewe, 01, 02, hadi 09, ili hata mtu mwingine akifuta mipangilio, tisa ibaki kabla ya kumi. Nikakaa kwenye kile kiti nikitazama skrini. Ingekuwa rahisi kuandika ubao mpya asubuhi na kunyamaza. Lakini maji ya watu yalikuwa yamekwishanywewa na wengine, na kikao kilikuwa kimeitishwa kesho yake, na shemeji alikuwa ameonekana akilifuta vumbi daftari.

Jioni nilimwambia mama nimelipata kosa. Akasema neno moja, usiseme. Nikamwambia nitasema, lakini si hivyo anavyoogopa.

Kikao kilifanyika mbele ya ofisi, Jumatano saa tatu. Walikuja karibu wote. Shemeji alisimama na daftari kwapani, akasema daftari halihitaji umeme, halihitaji fundi kutoka Lodwar, na halijawahi kulewa. Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wamekunywa mapema na hawakuwa na haraka ya mabadiliko. Mama alikaa ukutani, mikono kwenye mapaja.

Nikaomba nafasi. Nilieleza kwa maneno niliyoweza kupata kwamba mashine ilikuwa inajua kuhesabu, na ilihesabu vizuri kwa miaka yote. Mimi ndiye niliyeifuta akili hiyo, kwa sababu nilichoka kusoma mistari mia na nilitaka kwenda kutembea. Nikawaonyesha karatasi yenye majina thelathini, nikasema kila mtu asimame aseme anamfuata nani, na tulinganishe na skrini. Wakafanya hivyo, mmoja mmoja, mwenyekiti akisoma skrini kupitia mlango uliokuwa wazi. Yakalingana yote. Shemeji naye alisema anamfuata nani, kwa kuwa hakuwa na namna, na jina lake likalingana.

Ilipofika zamu yake mama akasimama, akamtaja aliye mbele yake, akakaa.

Shemeji akanigeukia. "Sawa, wewe ndiye umekosea. Na tutajuaje kesho hutaifuta tena?"

Nikasema, "Kesho kutwa sitakuwepo."

Nililisema neno hilo kwa wepesi mkubwa, na bado linanisumbua. Walidhani natoa kitu. Kuondoka hakujawahi kunigharimu lolote.

Mwenyekiti akaamua. Orodha inabaki mashineni. Namba tatu hadi tisa wanywe kwanza, kwa nusu zamu, wanne kwa siku, kuanzia alasiri hiyo. Mimi nilipe mbuzi, kwa kuwa nilikuwa nimefungua maji nje ya ubao, ingawa kwa mikono ya wengine. Na mpaka dada yake karani afike, mwenyekiti mwenyewe atasoma orodha. Alasiri nzima nilimfundisha. Alibonyeza F6 kwa kidole kimoja, kofia ameivua, na kila faili iliyohamia kulia aliitazama kwanza kuhakikisha imefika. Shemeji alikuwa namba tatu. Alikwenda kupokea maji yake na daftari likabaki kwenye benchi, hadi mtu akamwita alifuate.

Mbuzi nilimlipa kwa ujira wa kazi ile ile. Wakamla Alhamisi, wakanipa nyama kama wengine.

Ijumaa asubuhi, wiki moja kamili baada ya siku yake, maji yalifika shambani kwa mama. Nilibeba mfuko wangu nikapita njia ya nyuma ili nimuage. Alikuwa ndani ya matope hadi vifundoni, anafungua udongo kwa jembe, mstari baada ya mstari. Nusu ya juu ya shamba ilikuwa imeungua, mbelewele zimekauka, na mahindi yale hayakuwa na punje za kutarajiwa. Nusu ya chini ilikuwa bado inaweza kuzaa. Nilimwambia pole. Akasema atawapa ng'ombe hayo ya juu.

Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Hukuambiwa uondoke."

Nikamwambia niliahidi mbele ya watu.

"Hakuna aliyekuomba hiyo ahadi. Wangekusema wiki mbili, halafu wangenyamaza. Wangenyamaza, na wewe ungekuwa na mahali." Akahamisha udongo kwa jembe, maji yakaingia mstari mwingine. "Mimi nilikaa miaka miwili nikibeba mitungi. Wewe umesemwa nusu saa."

Nilisimama pale na mfuko, nikaona maji yamefika mwisho wa mstari aliokuwa ameufungua na yanaanza kumwagikia njiani. Yeye aliyaona kabla yangu. Akaniambia nusu zamu yake inaisha saa tatu, akageuka, akakimbilia upande ule na jembe.

Nilingoja kidogo. Hakutazama nyuma. Nikatoka kwenye barabara ya Taveta, na mchana nilikuwa nimepita Voi bila kushuka.